Nimeuziwa Nissan Leaf iliyochezewa betri, leo hata milioni 8 sipewi

Wakuu, nina hasira na sitaificha.

Mwaka jana nilinunua Leaf ya 2013, gari la umeme tupu, kwenye yadi moja hapa Dar, milioni 21. Dashibodi ilionyesha mistari 11 kati ya 12, ile ya uzima wa betri, siyo ya chaji. Muuzaji kanisifia rangi, kanionyesha kilomita, tukamalizana. Miezi miwili tu, mistari 8! Bunju hadi Posta na kurudi siwezi tena bila kuchaji njiani.

Fundi akachomeka kile kidude cha OBD cha kusoma kompyuta ya gari, akafungua LeafSpy, programu ya kupima betri ya Leaf, kwenye simu: betri imebaki na asilimia 64 ya uwezo wake wa upya. Ndiye aliyenieleza kwamba kumbukumbu za kompyuta ya betri zinafutika, mistari ikapanda kwa muda mpaka gari lipate mteja. Kurudisha odomita nyuma tunauita wizi. Hili nalo ni wizi uleule.

Na hata isipochezewa, mistari ile inaficha mengi. Wa kwanza haudondoki mpaka betri ipoteze kama asilimia 15. Leaf kama yangu haipoozi betri kwa maji, joto linaitafuna. Wenye Leaf wa Phoenix, Arizona, walilalamika tangu 2012, Nissan ikawawekea dhamana ya uwezo wa betri. Sisi na joto hili la Dar tunaletewa magari ambayo dhamana yake iliisha zamani.

Sasa nauza. Kila anayekuja ana swali moja: betri ikifa? Injini ya petroli ikifa unakwenda Gerezani, unapata nyingine. Betri ya Leaf utaipata wapi, na kwa bei gani? Basi dalali anapiga hesabu kama vile imeshakufa. Kinachoniuma zaidi, jamaa yangu ana ya 2016, betri ina asilimia 84, vipimo anavyo mkononi, naye anapewa bei ya woga uleule. Wadanganyifu wamewaharibia hata wenye magari mazima.

Gari la umeme silichukii. Nachaji usiku nyumbani, LUKU inayoingia haifiki hata robo ya nilichokuwa naacha sheli. Ninachotaka ni yadi ipime betri mbele ya mteja na iandike asilimia kwenye risiti kabla ya kupokea hela. Nilipowadai hilo wakanijibu, "Bosi, ulikagua mwenyewe."

Kuna aliyewahi kupeleka kesi ya namna hii Tume ya Ushindani? Walihitaji vielelezo gani? Picha za dashibodi ya siku ya kununua ninazo.