Njia ya Misafara, Bagamoyo hadi Ujiji: tusimame wapi katikati?

MwalimuKilosa

Nawasalimu wanajukwaa wote. Mimi ni mwalimu wa historia, na katika likizo ya Juni natarajia kusafiri na baba yangu, mstaafu wa reli, kwa siku tisa, tukiifuata njia ya zamani ya misafara waliyopita wapelelezi Waingereza Burton na Speke mwaka 1857, na baadaye mwandishi wa habari Stanley mwaka 1871 alipokwenda kumtafuta mmisionari Livingstone. Bagamoyo nimekwishafika. Ujiji nimeisoma kiasi cha kuweza kuichora. Kinachonitatiza ni sehemu ya katikati, kwa sababu kati ya pwani na Ziwa Tanganyika pana zaidi ya kilomita 1,200, nasi darasani huzivuka kwa sentensi moja.

Katika orodha ya awali ya Urithi wa Dunia ambayo Tanzania iliiwasilisha UNESCO mwaka 2006, njia hii imetajiwa vituo sita: Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara na Ujiji. Je, katika hivyo vinne vya kati, ni vipi vinavyostahili siku nzima? Nauliza pia kwa sababu Baba ana miaka 71 na magoti yanamsumbua, hivyo siwezi kumzungusha ovyo.

Mnyanyembe

Mwalimu, shikamoo yangu imfikie mzee. Mimi ni mzaliwa wa Tabora, na njia hiyo nimeipita vipande vipande kwa miaka mingi.

Siku nzima wapeni Kwihara. Ni kilomita chache tu kutoka Tabora mjini, na ndipo lilipo tembe, yaani nyumba ya udongo, walimokaa Livingstone na Stanley mwanzoni mwa mwaka 1872, hadi walipoagana mwezi Machi, Stanley akirudi pwani na mzee Livingstone akibaki hapo hadi Agosti kusubiri wapagazi. Fikeni asubuhi. Mkishaingia, msikimbilie picha na barua zilizotundikwa ukutani. Kaeni kwanza uani, mlitazame paa la udongo lililo tambarare na miti iliyolibeba, kisha mguse ukuta kwa kiganja wakati jua limeshakuwa kali nje. Utasikia ubaridi. Hapo mtu anaelewa kwa nini msafiri aliyetoka nyikani akiwa na homa aliona shida kuondoka.

Kuhusu Mpwapwa na Kilimatinde, nawaomba msiende mkitafuta majengo, kwa maana mtarudi mmevunjika moyo. Tafuteni maji. Msafara ulitembea kwa kuhesabu visima, na majina ya njiani yanalieleza jambo hilo waziwazi: baada ya Mpwapwa lilikuwapo pori la Marenga Mkali, yaani maji makali, ambalo wapagazi walilivuka kwa haraka wakiwa na kiu, na baada ya Ugogo likafuata pori kubwa la Mgunda Mkali, lililowatenga na Unyamwezi. Katikati ya mapori hayo mawili ndipo watemi wa Kigogo, waliomiliki visima na chakula, walipotoza hongo ya nguo na ushanga kabla ya kuruhusu msafara kupita. Siku hizi neno hilo tunalitumia kwa aibu, lakini wakati ule lilikuwa ushuru wa wazi, uliojadiliwa mchana kweupe, na nadhani wanafunzi wako wangefaidika kulisikia likielezwa pale pale Ugogo. Simameni ukingoni Kilimatinde, ambapo ardhi inashuka kuingia Bonde la Ufa, kisha umwambie mzee afikirie kuupanda ukingo ule na frasila mbili begani, yaani kilo 32 hivi.

Mamboya mnaweza kuiruka kama siku hazitoshi.

MzigoBegani

Namheshimu ndugu Mnyanyembe na sina cha kupinga kuhusu visima, ila nina hoja kuhusu mwelekeo. Kwa nini muanzie Bagamoyo? Tumezoea kuisoma njia hii kwa macho ya wale waliotoka pwani, ilhali pembe za ndovu na watu waliotekwa walikuwa wakitoka bara kwenda pwani, na Wanyamwezi waliobeba mizigo hiyo walianzia safari nyumbani kwao.

Tena ipo safari moja ambayo kwangu mimi ni kubwa kuliko zote. Livingstone alipofariki katika kijiji cha Chitambo, katika nchi ambayo leo ni Zambia, mwezi Mei 1873, Abdullah Susi, James Chuma na wenzao waliuzika moyo wake chini ya mti, wakaukausha mwili, wakaubeba. Walipofika Unyanyembe, yaani eneo la Tabora, wakamkuta Cameron, Mwingereza aliyekuwa ametumwa kumsaidia marehemu, naye akawashauri wamzike hapo hapo, wakakataa. Mbele ya safari, walipohofia kuzuiwa na wenyeji kwa kubeba maiti, waliufunga mwili ule kama mtumba wa nguo za biashara ili usitambulike. Waliingia Bagamoyo mwezi Februari 1874, na mwili ukalazwa katika kanisa la misheni, penye mnara ambao bado umesimama. Mtu anayefika mbele ya mnara ule akitokea Tabora huutazama tofauti na yule aliyeshuka kwenye basi la Dar es Salaam asubuhi hiyo.

BintiUjiji

Mwalimu, hata kwa ajili ya mzee ningeunga mkono kuanzia huku kwetu, kwa kuwa Kigoma mnaweza kufika kwa reli aliyoitumikia mwenyewe. Wajerumani waliifikisha hapa mwaka 1914, na kwa sehemu kubwa inaandamana na njia ya misafara. Kutoka Kigoma mjini hadi Ujiji ni kilomita nane hivi, daladala zipo, na eneo la kumbukumbu ni tambarare, hivyo magoti hayatalalamika.

Mtaonyeshwa miembe, lakini mfahamu kwamba ule mwembe wa mwaka 1871, ambao Stanley alikutana na Livingstone chini yake, wenyewe ulikwishakufa. Iliyopo ni uzao wake. Mtashangaa pia kuona ziwa liko mbali na mnara wa kumbukumbu, kwa kuwa maji yamerudi nyuma tangu siku zile. Tembeeni taratibu mpaka ufukweni. Burton alipofika milima ya huku mwaka 1858 hakuweza kutembea kwa maradhi, na Speke alikuwa karibu kuwa kipofu. Aliyemwambia Burton kwamba kile kilichometa mbele yao ni maji ni Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyewahi kuuzwa utumwani akiwa mtoto. Kila ninapopita ufukweni namkumbuka yeye kwanza.

MwalimuKilosa

Ahsanteni sana, ndugu zangu. Nimemsomea Baba majibu yote, na neno reli lilipotajwa akawa amekwishaamua. Tutapanda treni hadi Kigoma, tulale Ujiji siku mbili, Tabora tatu, kisha turudi kwa barabara kupitia Manyoni, Kilimatinde na Mpwapwa, tumalizie Bagamoyo mbele ya mnara wa kanisa. Ndugu Mnyanyembe, nina ombi moja: kwa upande wa Mpwapwa, je, kuna mzee wa mahali anayeweza kutuonyesha palipokuwa na visima vya zamani, au tuulize kwanza ofisi ya kijiji?