Studio ya nyumbani: FL Studio Fruity, Producer au Reaper? Naomba ushauri kabla sijalipa

Mwambao_Sauti:

Wakuu habari za jioni. Nataka kununua programu ya kurekodia na nimekwama kwenye kuchagua daraja (toleo la bei fulani lenye vitu vyake). Kazi yenyewe ni kuingiza sauti za waimbaji, mmoja mmoja au wawili kwa pamoja, gitaa la solo na besi, juu ya biti ninazotumiwa na maprodyuza zikiwa WAV. Kuunda biti mwenyewe ni mara chache.

Vifaa: laptop ya Windows 10, Core i5 kizazi cha 8, RAM GB 8, SSD GB 256. Saundi kadi ya matundu mawili, maikrofoni moja ya kondensa na moja ya dainamiki. Umeme hukatika mara kwa mara na intaneti ni ya bando.

FL Studio Fruity ndiyo ya bei ya chini. Inatosha? Kuna pia Ableton Live Lite iliyokuja bure na saundi kadi. Na je, nichukue toleo jipya kabisa au la zamani, kwa kuwa mashine si kubwa?

Kinanda_na_Ngoma:

Mkuu, kwa kazi uliyoieleza Fruity usiiguse. Daraja hilo limetengenezwa kwa mtu anayepanga biti kwa sampuli na vinanda vya ndani. Kurekodi sauti kutoka maikrofoni na kuiweka kwenye Playlist (dirisha la FL la kupangia wimbo) kunaanzia Producer, daraja la juu yake. Wengi hununua Fruity kwa sababu ya bei, halafu wanashangaa maikrofoni inasikika lakini hakuna pa kuirekodi. Jedwali la kulinganisha madaraja lipo kwenye tovuti ya Image-Line. Soma mstari wa kurekodi sauti kabla ya kusoma idadi ya plagini (programu ndogo za vinanda na efekti zinazofunguka ndani ya hii kubwa).

Signature, daraja la juu ya Producer, nayo huihitaji kwa sasa. Kinachowavuta watu huko ni NewTone na Pitcher kwa ajili ya kunyoosha sauti, lakini kama shida ni otochuni tu, MAutoPitch ya MeldaProduction ni bure na inafanya kazi ndani ya programu yoyote kati ya hizi. Ukinunua Producer leo, utaweza kupanda daraja baadaye kwa kulipa nyongeza, na matoleo mapya ya FL unayapata bila kulipa tena.

Jambo la kujua kuhusu FL ya majaribio: inakuruhusu kuhifadhi mradi na kutoa WAV, lakini mradi uliohifadhi hautafunguka tena mpaka usajili. Kwa hiyo ijaribu kwa kazi unayoweza kuimaliza na kuitoa siku hiyohiyo.

Ukishapata Producer, kurekodi ni hivi: fungua Mixer, chagua mstari mmoja, upande wa juu kulia chagua tundu la maikrofoni kwenye orodha ya mono, si stereo. Ukichagua stereo, sauti itasikika sikio moja tu. Washa alama ya kurekodi chini ya mstari huo, bonyeza rekodi, chagua sauti iingie kwenye Playlist kama klipu. Kisha angalia faili zinakwenda wapi. Kwa kawaida FL huziweka kwenye folda yake ya Recorded, si pamoja na mradi, na ukihamisha faili ya mradi ya .flp peke yake kwenda mashine nyingine unakuta klipu hazina sauti. Dawa yake ni File, Export, Zipped loop package.

Fundi_Treki:

Nakubaliana na Kinanda kuhusu Fruity, ila sikubali kwamba jibu ni Producer. FL nguvu yake ni biti. Mwambao anatumiwa biti zikiwa tayari, yeye kazi yake ni sauti na gitaa: kurudia mstari mara sita, kuchagua neno hili kutoka rekodi ya pili na lile kutoka ya tano. Kwa kazi hiyo Reaper, programu nyingine ya kurekodia, ni bora, na ina daraja moja tu. Hakuna kilichofungwa.

Majaribio yake ni siku 60 na kila kitu kinafanya kazi. Leseni ya kawaida ni dola 60 za Marekani, kwa mtu binafsi au biashara ndogo ambayo mapato yake ya mwaka kupitia kazi hiyo hayazidi dola 20,000. Zaidi ya hapo ni dola 225. Ukinunua sasa kwenye toleo la 7, sasisho zote za toleo la 8 zimo. Siku 60 zikiisha haijifungi, inakukumbusha tu, lakini tafadhali ilipie. Watu wachache wanaitengeneza vizuri sana na wamekataa kuigawa vipandevipande, wanastahili kulipwa.

Upungufu wake niuseme wazi: haina vinanda wala ngoma za maana. Utaongeza mwenyewe, kwa mfano Vital kwa sinti na MT Power Drumkit kwa ngoma, zote zina toleo la bure. Ikwalaiza, kompresa na riverbu zimo na zinatosha kabisa.

Kuhusu Live Lite na madaraja mengine madogo, usiangalie bei, hesabu treki. Sauti kuu 1, dabali (sauti kuu ikirudiwa) 2, maneno ya pembeni 2, harmonia sauti mbili kila moja mara mbili ni 4, gitaa 2. Hizo ni 11. Prodyuza akikutumia biti kwa stemu 8 (kila sehemu na faili yake), umefika 19. Live Intro, iliyo juu ya Lite na ni ya kulipia, ina treki 16. Pro Tools Intro, ya bure, ina treki 8 za sauti. Wimbo wa kawaida tu umeshazidi zote mbili. Lite iwashe ujifunzie, ila usijenge studio juu yake.

Mwambao_Sauti:

Shukrani sana. Hesabu ya treki imenifungua macho. Sasa Reaper kwenye mashine hii itakwendaje? Na suala la toleo jipya au la zamani, na umeme?

Sampo_Reti:

Nianze na mashine. i5 ya kizazi cha 8 na GB 8 inabeba Reaper bila shida, hata FL. Kinacholemea mashine ni sampuli kubwa za piano na okestra, na plagini za masta (treki kuu ambako sauti zote hupita mwisho) zilizowekwa mapema. Programu yenyewe ni nyepesi, faili ya kuisakinisha Reaper haimalizi bando.

Weka draiva ya ASIO (inayopitisha sauti bila kuchelewa sana) ya kampuni iliyotengeneza saundi kadi yako. Kama haina, tumia ASIO4ALL. Katika Reaper bonyeza Ctrl+P, nenda Audio, Device, chagua ASIO. Ukiacha draiva ya kawaida ya Windows, mwimbaji atajisikia amechelewa na ataimba nyuma ya biti, halafu utamlaumu yeye.

Bafa (kiasi cha sauti ambacho kompyuta hukusanya kabla ya kuichakata): kwenye 44.1 kHz, sampo 128 ni milisekunde 2.9, 256 ni 5.8, 512 ni 11.6. Hiyo ni safari ya upande mmoja, kwenda na kurudi zidisha mara mbili na kuongeza kidogo cha saundi kadi. Rekodi kwa 128. Ukisikia sauti inakatika kama mchanga, panda 256. Wakati wa kuchanganya weka 1024, hakuna anayeimba. Kama saundi kadi ina swichi ya kujisikia moja kwa moja, itumie na uzime kusikiliza kupitia programu kwenye treki hiyo, la sivyo utasikia sauti mbili zinazofuatana. Na usirekodi huku limita au ikwalaiza ya aina ya linear phase ipo kwenye masta: zinahitaji kusikia mbele kabla ya kutoa sauti, hivyo zinachelewesha kila kitu hata bafa ikiwa ndogo.

Tumia biti 24 (bit, kipimo cha ubora wa rekodi, si biti ya muziki), kilele cha sauti kifike karibu -12 dB. Ukisukuma mpaka 0 sauti ikipasuka haitengenezeki. Sampo reti (idadi ya sampo kwa sekunde, mfano 44.1 au 48 kHz) iwe ileile ya biti uliyotumiwa. Kivinjari kikiwa wazi kinaweza kuishika saundi kadi kwenye 48 wakati mradi ni 44.1. Wimbo wa 48 ukichezwa kama 44.1 unashuka karibu nusutoni moja na nusu, na wa dakika 4 unakuwa 4:21. Ukisikia biti imekuwa nzito ghafla, kagua hapo kwanza. Gitaa usilichuni upya.

Nafasi: treki moja ya mono, biti 24, 44.1 kHz inakula karibu MB 8 kwa dakika. Treki 11 za dakika 4 ni MB 350, na kila mtu akirudia mara tatu umekaribia GB 1 kwa wimbo. SSD ya GB 256 itajaa. Nunua diski ya nje ya kuhifadhia kazi zilizokwisha.

Toleo: chukua jipya, lakini ukishaanza albamu usisasishe mpaka uimalize. Mradi wa zamani hufunguka kwenye toleo jipya, kinyume chake ni bahati. Ukipeana faili za .flp na prodyuza, ulizana namba kamili ya toleo. Na plagini za biti 32 ziachane nazo. Zinapita kwenye kiunganishi cha kati (bridge) ndani ya programu na hapo ndipo mradi huzimika bila onyo.

Umeme: laptop iwe na betri nzima, maana saundi kadi ya USB hula umeme wake humohumo, na kondensa inataka volti 48. Katika Reaper nenda Preferences, Project, washa kuhifadhi kila baada ya dakika 5 kwenye faili yenye saa na tarehe. Unapoanza mradi, Save As, tia alama kwenye kuunda folda ndogo na kunakili sauti zote ndani yake. Fanya hivyo kabla ya kurekodi neno la kwanza.

Kinanda_na_Ngoma:

Fundi amenishawishi kwa kazi ya Mwambao. Bado nasema: akianza kuunda biti zake kila wiki, Producer irudi mezani. Kupanga ngoma za singeli kwenye Reaper kunawezekana, ila Step sequencer na Piano roll ya FL (madirisha ya kupangia ngoma na noti) ni mwendo mwingine.

Malipo: Kenya, kadi ya GlobalPay ndani ya M-Pesa inalipa kama Visa. Ukitumia kadi ya benki, iombe benki ifungulie manunuzi ya mtandaoni kwanza. Acha nafasi juu ya bei kwa kodi na ubadilishaji wa fedha. Programu ya kuvunja (iliyodukuliwa ili itumike bila kulipa) usichukue. Sharti lake la kwanza huwa kuzima kinga ya virusi, na kwenye mashine hiyo ndiyo kuna sauti za wateja. Leseni ya Reaper ni faili ndogo. Ihifadhi kwenye barua pepe na kwenye flashi.

Mwambao_Sauti:

Nachukua Reaper, siku 60 kwanza. La mwisho: prodyuza akitaka nimrudishie sauti azichanganye kwenye FL, nampa nini?

Fundi_Treki:

Usimpe faili ya mradi. Chagua treki zote za sauti, Ctrl+Alt+R, kwenye Source chagua Stems, Bounds iwe Entire project, WAV biti 24, sampo reti ileile ya biti yake. Kila stemu ianze sekunde sifuri hata kama mwimbaji anaingia dakika ya pili, ili akiziburuta zote kwenye mwanzo wa Playlist zikae mahali pake. Zima riverbu na otochuni, mtolee nakala kavu, na kama kuna mwangwi ulioupenda mpe kama stemu ya peke yake. Kwenye majina ya faili andika BPM (kasi) na ufunguo wa wimbo.