"Fedha hazijaja": tuonyesheni basi hesabu za kituo chetu cha afya

Wakuu, naleta lalamiko la watumiaji wa kituo kimoja cha afya huku mkoani Mbeya, ambacho sitakitaja kwa sababu wauguzi wake hawastahili kubebeshwa lawama hii. Sera inasema huduma kwa mama mjamzito ni bure, lakini anayekwenda kujifungua anaelekezwa duka la dawa lililo mkabala na geti akanunue glovu, pamba na nyuzi, na akiuliza sababu anajibiwa kwamba fedha hazijaja.

Huenda kweli hazijaja. Sina namna ya kujua, na hapo ndipo hasira yangu ilipo.

Tangu mwaka wa fedha 2017/2018, fedha za Mfuko wa Pamoja wa Afya, unaochangiwa na wafadhili, zilianza kupelekwa moja kwa moja kwenye akaunti ya benki ya kituo, na matumizi yake huingizwa kwenye FFARS, mfumo wa kielektroniki wa hesabu za vituo. Ongeza hapo malipo ya papo kwa papo na zile shilingi 30,000 ambazo kaya ya watu sita imekuwa ikichangia Mfuko wa Afya ya Jamii (CHF). Taarifa ipo, basi. Kinachokosekana ni mtu wa kuibandika. Ubao wa matangazo una kioo na kufuli, na ndani yake mna ratiba ya kliniki na bango la kunawa mikono la wakati wa korona.

Mzee mmoja alipoinuka mkutanoni kuomba kusomewa mapato na matumizi, aliambiwa hayo ni ya kitaalamu, aiachie kamati ya kituo. Mjumbe wa kamati hiyo ukimbana, anakiri kwamba husaini muhtasari asioupata kuusoma. (Mkulima wa viazi akipigwa lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kipimo, walau gunia lenyewe analiona.)

Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inataka ombi la maandishi lijibiwe ndani ya siku 30. Tuliandika, barua ikagongwa muhuri wa kupokelewa, na siku hizo zimepita bila hata neno moja.

Msiniambie Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali (CAG) anakagua. Ripoti yake hufika bungeni Aprili, ikieleza mwaka wa fedha uliofungwa Juni ya mwaka uliotangulia, wakati aliyekosa glovu alishajifungua zamani.

Tunataka kila robo mwaka kibandikwe kiasi kilichoidhinishwa, kilichoingia na tarehe yake, kilicholipwa na aliyelipwa, pamoja na dawa zilizoagizwa Bohari ya Dawa na zile zilizoletwa. Mganga mfawidhi (mkuu wa kituo) mwaminifu angekuwa wa kwanza kushukuru, kwani ndiye anayetukanwa mlangoni kwa fedha ambazo pengine zimekwama Dodoma.

Wenzetu wa Mufindi, Makete na Mbozi, je, kwenu hesabu zinabandikwa? Kama zipo, wekeni picha ya ubao hapa, tuipeleke kwenye kikao kijacho.