Kadi ya gemu au kupakua? Naomba ushauri kuhusu Nintendo Switch kwa nyumba inayotegemea bando

MamaWawili_Tanga

Habari zenu, wakuu. Baada ya kusumbuliwa kwa muda mrefu nimekubali kuwanunulia wanangu wawili mashine moja ya gemu ya mkononi, watakayochangia. Kaka yangu anayefanya kazi Muscat anakuja likizo mwezi ujao na yuko tayari kuibeba. Amenipa chaguo mbili: Nintendo Switch OLED iliyotumika lakini bado safi, au Nintendo Switch 2 mpya, ambayo imeipita ile ya kwanza kwa bei kiasi kwamba siwezi kufumba macho.

Ubora wa picha haunihangaishi. Ninachotaka kufahamu ni gharama zitakazofuata baada ya mashine kuingia nyumbani. Hatuna intaneti ya waya, tunatumia bando la simu, na bando hilo hilo ndilo ninalofanyia kazi zangu. Mtu mmoja ameniambia ninunue kadi za gemu ili tusipakue chochote. Mwingine anasema kadi za siku hizi ni ganda tu, gemu lenyewe linashushwa mtandaoni. Wa tatu ananitisha kwamba fedha nyingi zitaishia kwenye memori kadi. Nimsikilize yupi?

Mkaazi_wa_Ilala

Dada, wote watatu wanasema kweli, ila kila mmoja anazungumzia mashine yake.

Anza na OLED. Switch ya kwanza ilitoka mwaka 2017 ikiwa na hifadhi ya ndani ya GB 32, na OLED, toleo lake lenye skrini bora zaidi, ilipokuja mwaka 2021 ikapewa GB 64, ambazo sehemu yake huchukuliwa na mfumo wenyewe. Ukilinganisha na simu za leo utaona ni kidogo mno, lakini mashine hii ilibuniwa kwa kudhani kwamba gemu litabaki kwenye kadi yake. Unaichomeka kadi na gemu linasomwa moja kwa moja kutoka humo, bila kulisakinisha ndani kama ilivyo kwa PlayStation au Xbox za kisasa. Kinachoingia kwenye hifadhi ya ndani ni masasisho pamoja na kumbukumbu za mahali mchezaji alipofikia. Kwa hiyo nyumba yenye kadi kumi za gemu za Nintendo wenyewe inaweza kuishi na zile GB 64 bila kununua memori kadi hata moja.

Sasa chukua njia ya kupakua. Mario Kart 8 Deluxe inakaribia GB 7, nayo The Legend of Zelda: Tears of the Kingdom inakaribia GB 16. Fanya hesabu ya hiyo ya pili: kwa kasi ya megabiti 10 kwa sekunde, isiyopungua hata dakika moja, gemu hilo litachukua saa tatu na nusu hivi. Wewe unayetumia bando la simu unajua vizuri kwamba kasi hiyo haikai mahali pamoja, na kwamba GB 16 ni sehemu nzito ya bando la mwezi mzima. Gharama hiyo haiandikwi kwenye bei ya gemu, lakini unailipa wewe. Ukilifuta gemu ili upate nafasi, kisha watoto wakalitaka tena wakati wa likizo, utailipa mara ya pili.

Tahadhari moja: hata katika Switch ya kwanza si kila kadi ilikuwa kamili. The Witcher 3 ilitolewa mwaka 2019 ikiwa yote ndani ya kadi ya GB 32, lakini L.A. Noire ya mwaka 2017 ilimtaka aliyenunua kadi apakue sehemu nyingine mtandaoni. Katika gemu za namna hiyo huwa kuna maandishi kwenye jalada la mbele yanayosema kwamba unahitaji intaneti. Mwambie kaka yako alisome jalada kabla hajafungua pochi.

Ngara_Nairobi

Ninaheshimu maelezo ya mwenzangu wa Ilala, lakini naona amewapa kadi sifa ambazo nyumba yenye watoto haiwezi kuzitunza. Kadi ya Switch ni ndogo kuliko stempu ya posta. Nyumbani kwangu moja ilipatikana ndani ya soksi, nyingine haijaonekana hadi leo, na gemu lililopotea namna hiyo halirudi mpaka ulinunue upya. Gemu ulilopakua hufungwa kwenye akaunti yako ya Nintendo, kwa hiyo halipotei chini ya kochi. Hata mashine ikiharibika, unaingia kwenye akaunti kupitia mashine nyingine na kulipakua tena bila kulipia.

Kuna pia suala la punguzo. Gemu za kampuni nyingine, hasa zile ndogo, hushushwa bei mara kwa mara katika duka la mtandaoni, na nyingi kati yake hazina kadi kabisa wala hazizidi GB 2. Kwa gemu kama hizo hoja ya bando haina uzito. Mimi ninatumia akaunti niliyoisajili kwa nchi ya Marekani na ninalipa kwa vocha za kidijitali, kwa hiyo siweki namba ya kadi ya benki mahali ambapo mtoto anaweza kubonyeza.

Tangu mwaka 2025 Nintendo wameweka pia utaratibu unaokuruhusu kumkopesha gemu ulilopakua mtu aliye katika kundi la familia yako kwa wiki mbili, mradi mashine hizo mbili ziwe karibu wakati wa kukopeshana. Ni utaratibu wenye masharti mengi kuliko kumpa jirani kadi mkononi, hilo sikatai, lakini umeziba pengo ambalo watu walikuwa wakililalamikia kwa miaka.

Dadangu, kama unaweza kupata waifai ya kuaminika hata kazini au kwa ndugu, usiikatae njia hii.

Fundi_Makorora

Nitajibu suala la memori kadi tu, kwa sababu ndilo linaloletwa mezani kwangu kila wiki.

Switch OLED inapokea microSD ya kawaida, ile ile inayoingia kwenye simu. Switch 2 haiikubali kwa gemu. Hiyo ina hifadhi ya ndani ya GB 256, na ukitaka kuiongezea ni lazima ununue microSD Express, ambayo ni aina mpya na yenye kasi zaidi. Kadi ya kawaida ukiichomeka humo itakusaidia kuhamisha picha na video ulizorekodi, basi. Mashine ilipotoka Juni 2025 kadi ya Express ya GB 256 iliuzwa Marekani kwa takriban dola 60, ilhali ya kawaida ya ukubwa huo ilipatikana kwa sehemu ndogo ya fedha hiyo. Wenye kumbukumbu wataikumbuka PlayStation Vita, mashine ya mkononi ya Sony: mwaka 2012 mashine iliuzwa Marekani kwa dola 249.99, na memori kadi yake ya GB 32, ambayo ilikuwa ya Sony peke yao, ikauzwa kwa dola 99.99. Afadhali ya Switch 2 ni kwamba Express ni aina ya wazi inayotengenezwa na kampuni mbalimbali, kwa hiyo bei ina nafasi ya kushuka.

Jambo la pili ni kadi bandia. Mteja huja na kadi iliyoandikwa GB 512 aliyoinunua kwa bei ya chakula cha mchana, na mashine inaionyesha kuwa ni GB 512 kweli, kwa sababu kidude kinachoiongoza kadi kimefundishwa kudanganya. Gemu la kwanza linaingia vizuri, la pili linaingia vizuri, kisha siku moja lile la kwanza linagoma kufunguka na mashine inadai kwamba data imeharibika. Kilichotokea ni kwamba nafasi halisi, pengine GB 32 tu, imejaa, na kila kinachoandikwa sasa kinaangukia juu ya kilichotangulia au kinapotea kabisa. Mteja huilaumu mashine.

Dawa yake ni kuipima kadi kabla ya kuiwekea gemu. Kwenye kompyuta ya Windows kuna programu ya bure iitwayo H2testw, na kwenye Linux au Mac kuna F3. Zote huijaza kadi nzima kwa data kisha huisoma tena kuhakikisha kwamba kilichoandikwa ndicho kilichopo. Kadi kubwa huchukua saa nyingi, kwa hiyo ianze usiku na uhakikishe kompyuta haizimiki. Muuzaji asiyekubali kadi irudishwe baada ya kipimo amekwisha kujieleza.

Mkaa_Ruwi

Niko huku huku Muscat, kwa hiyo niruhusu niongeze machache kuhusu anachokwenda kununua kaka yako, kisha nitoe maoni ambayo naona yamekosekana hapa.

Kwanza, Switch 2 ina toleo linalouzwa kwa ajili ya Japani pekee, lenye bei nafuu, ambalo lugha yake ni Kijapani tu na linakubali akaunti za Japani tu. Akipewa Switch 2 kwa bei ya ajabu, aangalie hilo kwanza. Kadi za gemu zenyewe hazifungwi kwa nchi kwa kawaida, kwa hiyo kadi yenye jalada la Ulaya au la Marekani itafanya kazi Tanga. Nyongeza za gemu zinazonunuliwa mtandaoni ndizo huweza kukataa iwapo akaunti yako ni ya eneo tofauti na la kadi.

Pili, yule aliyekuambia kwamba kadi ni ganda tu alikuwa akizungumzia kile ambacho Switch 2 ilikuja nacho, yaani kadi-funguo. Ndani yake hamna gemu, mna ufunguo unaoiruhusu mashine kulipakua. Unahitaji intaneti mara ya kwanza, unahitaji nafasi ya gemu zima kwenye hifadhi yako, na bado unalazimika kuichomeka kadi kila unapocheza. Faida pekee ni kwamba unaweza kuiuza au kumwazima mtu. Street Fighter 6 ilitolewa hivyo. Cyberpunk 2077, ambayo ni kubwa zaidi, ilitolewa ikiwa yote ndani ya kadi ya GB 64, kwa hiyo mtu asiseme kwamba haiwezekani.

Hapo ndipo lilipo jambo lenyewe. Kadi yenye nafasi kubwa inamgharimu mchapishaji, yaani kampuni inayolitoa gemu, fedha zaidi kwa kila nakala anayoiuza. Akichagua kadi ndogo na kuacha sehemu ipakuliwe, au akiweka ufunguo mtupu, hajaiondoa gharama ya hifadhi. Ameihamishia kwako, nawe unailipa kwa bando na kwa memori kadi ya Express, tena kwa bei ya rejareja. Bei ya gemu dukani haishuki kwa sababu hiyo. Ukilitazama hivyo utaona kwamba swali la kadi au kupakua linategemea gemu lenyewe na nani amelitoa. Kadi za Nintendo wenyewe kwa sehemu kubwa zina gemu ndani, hata katika Switch 2, na kwenye hizo ushauri wa mtu wa Ilala unasimama. Za wengine, soma jalada.

Ama kuhusu kauli ya ndugu wa Nairobi kwamba gemu la kwenye akaunti halipotei, ningependa aipunguze kidogo. Nintendo walifunga maduka ya mtandaoni ya 3DS na Wii U, mashine zao za kabla ya Switch, tarehe 27 Machi 2023. Waliokwisha kununua waliachiwa haki ya kupakua tena, lakini hakuna awezaye kununua kipya humo, na gemu ambazo hazikuwahi kutolewa kwa kadi wala diski haziuzwi tena popote kwa mashine hizo. Jimbo la California lina sheria iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2025, inayomzuia muuzaji wa bidhaa za kidijitali kutumia maneno kama "nunua" bila kumweleza mteja wazi kwamba anachopata ni leseni. Kadi niliyonayo kabatini naweza kuiuza kesho sokoni Ruwi, na ndivyo ninavyofanya: gemu likiisha, kadi inakwenda kwa mwingine na fedha yake inachangia gemu linalofuata. Hesabu ya mama mwenye watoto wawili haiwezi kuliacha hilo nje.

MamaWawili_Tanga

Nawashukuru sana nyote. Nimemwambia kaka achukue OLED pamoja na kadi tatu za Nintendo wenyewe, na asome majalada. Nina maswali mawili ya mwisho. Binti yangu mdogo bado ana tabia ya kutia vitu mdomoni, je, kadi hizo zina hatari? Na siku tukinunua memori kadi kisha ikaharibika, watoto watapoteza mahali walipofikia?

Mkaazi_wa_Ilala

Kuhusu la kwanza, Nintendo wamezipaka kadi hizo denatonium benzoate, kemikali isiyo na madhara lakini chungu kuliko shubiri, kwa makusudi ya kumfanya mtoto aiteme. Hata hivyo kadi ni ndogo kiasi cha kumezwa, kwa hiyo usiutegemee uchungu huo peke yake. Kuna visanduku vya plastiki vya kuwekea kadi nyingi pamoja, na kimoja kikikaa juu ya kabati kitajibu pia hoja ya soksi za Nairobi.

Kuhusu la pili, hapana. Kumbukumbu za mchezo hukaa kwenye hifadhi ya ndani ya mashine daima, si kwenye memori kadi wala kwenye kadi ya gemu. Memori kadi ikifa utapoteza gemu ulizopakua, ambazo utazishusha tena kwa bando. Mashine ikifa au ikiibiwa ndipo maendeleo yao yatakwenda nayo, isipokuwa kama umelipia huduma ya Nintendo Switch Online, inayohifadhi nakala mtandaoni kwa gemu nyingi ingawa si zote. Nakala hizo ni ndogo sana, kwa hiyo bando lako halitazihisi. Na kwa kuwa Switch 2 inasoma sehemu kubwa ya kadi za Switch ya kwanza, hizo kadi tatu zitakufaa hata siku utakapobadilisha mashine.