Pambano la dadu haliishi, nirekebishe wapi?

msimamizi_mpya: Habari wakuu. Mchezo wa kuigiza wahusika kwa maandishi, wachezaji 4, raundi moja kwa siku. Shambulio ni 1d20+4 (dadu moja ya pande 20, jumlisha 4), pigo, yaani uhai anaopoteza adui akipatwa, ni 1d8+3 (dadu moja ya pande 8, jumlisha 3). Adui ana ulinzi 18 (shambulio lifikie hapo ndipo limpate) na uhai 60. Mbona pambano linaburuta hivi?

dadu20: Tatizo ni ulinzi, mkuu. Kufikia 18 ukiwa na +4, dadu lazima itoe 14 au zaidi: pande 7 kati ya 20, yaani 35%. Pigo la wastani ni 7.5, hivyo watu 4 wanamtoa uhai 10.5 tu kwa raundi. Hapo ni raundi 6. Shusha ulinzi hadi 15: nafasi inapanda hadi 50%, uhai 15 kwa raundi, anaanguka raundi ya nne. Usimwongezee uhai kufidia, utarudi palepale.

kalamu_na_upanga: Kweli kabisa. Pia shambulio na pigo virushwe kwenye ujumbe mmoja. Kusubiri msimamizi aseme "umempata" ndiko kunakokula siku. Na dadu kwanza, simulizi baadaye. Ukishaandika kwamba shingo imekatwa halafu dadu ikatoa 3, umewavurugia wenzako wote.

msimamizi_mpya: Na anayechelewa?

dadu20: Mpe saa 24. Zikipita, hesabu amejikinga: ulinzi +2 hadi zamu yake ijayo.