UZI WA MALALAMIKO: Nafuu ya kodi ya sola Marekani imefutwa ghafla, mzigo anabebeshwa mwenye nyumba

Wakuu, hasa mlioko Marekani na mnaowaza kufunga sola.

Sipingi nafuu ya kodi kuwa na mwisho. Bei ya paneli imeshuka sana, na fedha ya umma ina kazi nyingine. Kinachonikera ni namna inavyofutwa: mtu anavutwa na sheria, anakopa kwa kuitegemea, halafu sheria inageuzwa mkopo ukiwa umeshasainiwa.

Angalieni Louisiana. Jimbo lilikuwa linarudisha nusu ya dola 25,000 za kwanza za gharama ya mfumo wa sola, yaani hadi 12,500. Ukijumlisha nafuu ya serikali kuu, asilimia 30 ya gharama, mfumo wa dola 25,000 ulimgharimu mwenye nyumba 5,000. Mwaka 2015 bunge la jimbo likaweka ukomo wa dola milioni 10 kwa mwaka wa fedha kwa mifumo ya kununua (si ya kukodi), anayewahi ndiye anayepata. Pigeni hesabu: wakidai 12,500 kila mmoja, ni kaya 800 tu! Watu wenye paneli juu ya paa tayari wakakataliwa madai yao. Hadi 2017 ndipo ikapitishwa sheria ya kuwalipa, tena kwa awamu. Benki ilikuwa inadai marejesho kila mwezi muda wote huo.

Na msiniambie haikuwezekana kufanya vizuri. Jimbo la Utah lilishusha kiwango cha juu cha nafuu yake hatua kwa hatua: dola 1,600 hadi 2020, kisha 1,200, 800, 400, na 2024 ikaisha. Mtu alijua mapema mwaka upi atapata kiasi gani.

Sasa serikali kuu nayo imefanya yale yale. Sheria ya 2022 iliahidi asilimia 30 hadi 2032. Julai 4, 2025 ikasainiwa nyingine: mwisho Desemba 31, 2025. Tarehe inayohesabiwa si ya kusaini mkataba wala kutoa malipo ya awali, ni ya kukamilika kwa ufungaji. Hapo kitu kidogo tu kilitosha kumkosesha mtu maelfu ya dola.

Mfano ni bodi ya umeme, yaani kisanduku cha breka za nyumba. Nyumba nyingi za zamani zina bodi ya ampia 100. Kwa kanuni ya asilimia 120 ya uwezo wa bodi, breka kuu ya 100 ukiongeza breka ya sola visizidi 120, kwa hiyo sola inabaki na breka ya ampia 20. Breka hiyo hairuhusiwi kubeba zaidi ya asilimia 80 mfululizo: ampia 16 kwa volti 240 ni kilowati 3.84 basi. Muuzaji ameshakuuzia inveta (kifaa kinachogeuza umeme wa paneli uwe wa kutumika nyumbani) ya kilowati 7.6, ambayo inataka breka ya 40. Mara nyingi inabidi bodi ibadilishwe, kibali kipya kiombwe, shirika la umeme lije kukata na kurudisha laini. Wiki zinakwenda. Na breka ya sola isipowekwa mwisho wa bodi, upande ulio mkabala na breka kuu, mkaguzi anairudisha kazi.

Kuna mtego mwingine ndani ya mikopo mingi ya sola. Marejesho ya mwanzo yamepigwa hesabu kana kwamba ndani ya miezi 18 utaingiza kwenye mkopo ile asilimia 30 ya nafuu. Mkopo wa dola 30,000 unakutaka ulete 9,000. Usipoleta, rejesho la kila mwezi linapanda. Mstaafu anayedaiwa kodi ndogo aliumia hata nafuu ilipokuwapo, kwa sababu nafuu ya serikali kuu ilipunguza tu kodi aliyodaiwa, haikumpa fedha taslimu.

Linalonichoma zaidi ni hili: anayenunua kwa fedha yake hapati kitu kutoka serikali kuu, lakini kampuni inayokukodishia mfumo juu ya paa lako mwenyewe bado ina nafuu yake ya kibiashara kwa muda. Ndiyo maana wauzaji wa mlangoni sasa wanasukuma kukodisha. Someni kipengele cha ongezeko la mwaka. Kikiwa asilimia 2.9, malipo ya dola 120 kwa mwezi yanafika kama 238 mwaka wa 25. Ukiuza nyumba, mnunuzi akubali kuurithi mkataba au uulipe wewe.

Anayetaka kununua leo apige hesabu bila nafuu yoyote. Dai bei ya fedha taslimu kando ya bei ya mkopo, maana ada ya mkopeshaji hufichwa ndani ya bei ya mfumo. Piga picha kibandiko cha bodi yako kinachoonyesha ampia kabla ya kusaini. Uliza umeme wa ziada unanunuliwa kwa bei gani. Sehemu kubwa ya Louisiana, kwa wateja wapya tangu 2020, hawalipi tena bei ya rejareja, kwa hiyo mfumo mkubwa kuliko matumizi yako ya mchana una faida ndogo. Na mkataba useme wazi: kazi ikichelewa kwa kosa la fundi na nafuu ya jimbo (kama lako linayo) ikapotea, kampuni inafidia kiasi hicho hicho.

Mwenye mkataba wenye kipengele cha namna hiyo akiweke hapa, afute jina na anwani kwanza.