Tupeane uzoefu: Ni kipindi gani kilikufanya uache kuviamini vipindi vya historia ya vita na ndege kwenye televisheni ya kebo?

Mleta mada

Ndugu wadau, naomba tukusanye hapa simulizi zetu kuhusu jambo ambalo wengi wetu tumelilalamikia kwa vipande vipande bila kulizungumza kwa kina, yaani kushuka kwa ubora wa vipindi vya historia ya kijeshi na vya ndege kwenye chaneli za kebo za Marekani. Wenye umri wa kutosha mnakumbuka kwamba The History Channel ilipoanza kurusha matangazo mwezi Januari 1995, Vita vya Pili vya Dunia vilitawala ratiba yake kiasi kwamba watu waliibandika jina la chaneli ya Hitler. Mwaka 1998 ikazinduliwa Discovery Wings, chaneli nzima iliyohusu ndege tu. Mwaka 2005 chaneli hiyo ikageuzwa kuwa Military Channel, na mwaka 2014 ikapewa jina la American Heroes Channel. Kila jina jipya lilikuwa pana kuliko lililotangulia, na kadiri majina yalivyopanuka, ndivyo ndege zenyewe zilivyozidi kuadimika.

Vipindi vya zamani nilivipenda kwa sababu vilimheshimu mtazamaji. Kipindi kimoja kilishughulikia ndege moja: kwa nini mbunifu alichagua bawa la umbo lile, injini ilikuwa na udhaifu gani, rubani wa majaribio aligundua nini ambacho hesabu za ofisini hazikukiona. Nilipata subira na uaminifu, na sikuhitaji muziki wa kunitisha.

Nianze na uzoefu wangu. Nilikuwa naangalia kipindi kuhusu Hiroshima, na msimulizi alipofika kwenye asubuhi ya tarehe 6 Agosti 1945, picha iliyojitokeza ilikuwa ya jaribio la bomu la atomiki la Marekani lililoitwa Baker, lililofanyika kwenye visiwa vya Bikini katika Bahari ya Pasifiki tarehe 25 Julai 1946. Picha hiyo haiwezi kufananishwa na nyingine yoyote, kwa kuwa bomu lile lililipuliwa chini ya maji: utaona nguzo nene nyeupe ya maji ikipanda kutoka baharini, na chini yake vivuli vya meli vikionekana vidogo kama punje. Hiroshima ni mji, na bomu lake lililipuka angani juu ya nyumba za watu. Kumwonyesha mtazamaji meli tupu za majaribio huku ukimsimulia vifo vya wakazi wa mji ni kuwakosea heshima waliokufa, na tangu siku hiyo nimekuwa nikiziangalia picha kwa mashaka kabla ya kuyasikiliza maneno.

Nawaombeni kila mmoja ataje alichokiona hasa, ili hasira zetu ziwe na ushahidi.

Fundi wa Injini za Ndege

Ndugu mleta mada, nakushukuru kwa kuianzisha mada hii. Yangu inahusu Messerschmitt Bf 109, ndege ya kivita ya Kijerumani, na naomba niieleze taratibu kwa faida ya wasiozijua injini.

Ndege za Bf 109 zilizopigana angani juu ya Uingereza mwaka 1940 zilitumia injini ya Daimler-Benz ambayo silinda zake zilipangwa kwa umbo la V iliyopinduliwa, yaani vichwa vya silinda vilielekea chini. Kwa sababu hiyo, mabomba ya kutolea moshi yalikaa chini, ubavuni mwa pua ya ndege. Baada ya vita, Hispania iliendelea kutengeneza ndege za ukoo huohuo, na toleo la mwisho, lililoitwa Buchón, lilifungwa injini ya Rolls-Royce Merlin, injini ileile ya ndege ya kivita ya Kiingereza iitwayo Spitfire, ambayo V yake imesimama wima. Mabomba ya moshi yakahamia juu, na chini ya pua ikaning'inia tundu kubwa la kuingizia hewa, mithili ya kidevu. Ndege hizo za Hispania ndizo zilizotumika kama ndege za Wajerumani katika filamu ya Battle of Britain iliyotoka mwaka 1969.

Sasa nilikaa kuangalia kipindi kilichojitangaza kuwa kina picha halisi za mwaka 1940, tena za rangi. Ikapita ndege ya Kijerumani, mabomba ya moshi juu, kidevu kikubwa chini. Nikajua papo hapo kwamba naonyeshwa waigizaji wa sinema huku sauti ya msimulizi ikiniapia kwamba hawa ni marubani wa Luftwaffe, jeshi la anga la Ujerumani, wakiwa vitani. Hakuna maandishi yoyote pembeni yaliyosema kwamba ni filamu ya kuigiza. Baada ya muda mfupi zikafuata picha za kamera ya bunduki kutoka ndege ya Kimarekani ya P-47, ndege ambayo haikuingia vitani Ulaya hadi mwaka 1943.

Wapo watakaosema kwamba mtazamaji wa kawaida hajali mabomba ya moshi yako juu au chini. Mimi nasema anayetengeneza kipindi ndiye anayepaswa kujali, kwa sababu mtazamaji amemkabidhi kazi hiyo. Kama ameshindwa kutofautisha ndege mbili ambazo mtoto mwenye kitabu cha picha anazitofautisha, nitamwaminije anaponieleza sababu za kushindwa kwa mashambulizi yenyewe?

Mwalimu wa Historia

Mimi sitazungumzia picha. Nazungumzia madai, kwa kuwa ndiyo yanayonifikia darasani. Miaka ya nyuma mwanafunzi aliyekuwa ameangalia televisheni aliniuliza kwa nini Wajerumani walishindwa kuvuka kwenda Uingereza. Baadaye swali likageuka na kuwa: mwalimu, ni kweli Hitler alikimbilia Argentina? Chanzo kilikuwa mfululizo wa kebo uliodumu kwa misimu kadhaa, watu wakichimba mahandaki na kupekua nyumba za msituni, na kila kipindi kikiishia kwenye ahadi kwamba ushahidi uko karibu kupatikana.

Meno yaliyodaiwa kuwa ya Hitler, yaliyohifadhiwa Moscow, yalichunguzwa na wataalamu wa Ufaransa wakiongozwa na Philippe Charlier, na matokeo yao yaliyochapishwa mwaka 2018 yalithibitisha kwamba ni ya Hitler na kwamba alikufa mwaka 1945. Hiyo ingekuwa mada nzuri sana ya saa nzima: jinsi meno yanavyolinganishwa na kumbukumbu za daktari, jinsi Wasovieti walivyoyapata, na kwa nini waliificha habari hiyo kwa muda mrefu. Historia ya kweli ilikuwa na msisimko wote uliohitajika, na bado wakaiacha.

Kinachoniuma zaidi ni muda uliopotea. Wamarekani takriban milioni 16 walihudumu jeshini wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, na waliobaki hai leo hawafikii hata 1%. Miaka ileile ambayo chaneli zilikuwa zikikimbizana na visasili ndiyo iliyokuwa miaka ya mwisho ya kuwaketisha wazee hawa mbele ya kamera na kuwauliza maswali ya maana.

Mtazamaji wa Usiku

Langu ni fupi. Niliacha kwa sababu ya marudio. Kabla ya matangazo ya biashara wanakuonyesha kitakachokuja, baada ya matangazo wanakukumbusha kilichopita, na saa ya televisheni ya Marekani tayari ina takriban dakika 42 tu za kipindi chenyewe. Ukiondoa marudio, unabaki na habari ya kutosha robo saa.

Mhariri wa Picha

Nimefanya kazi kwa miaka mingi kama mhariri kwa watayarishaji wadogo wanaoziuzia vipindi chaneli za kebo, na sitawataja. Naomba nieleze mambo yanavyokwenda kwa ndani, kwa sababu aliyoyaona fundi wetu yana chanzo chake.

Picha nyingi za vita zilizopigwa na jeshi la Marekani zimehifadhiwa katika Hifadhi ya Taifa ya Nyaraka huko College Park, Maryland, na kwa kuwa ni kazi ya serikali, hazina malipo ya hakimiliki. Picha za hifadhi za Uingereza na za makampuni binafsi hulipiwa, na malipo huhesabiwa kwa urefu wa kipande unachokitumia. Bajeti inapopunguzwa, mtayarishaji huacha kulipia, na pia huacha kumtuma mtafiti akakae hifadhini kupekua makasha. Badala yake tunafungua mkusanyiko tulionao tayari ofisini, ambao vibandiko vyake viliandikwa na watu waliokwishaondoka. Kibandiko kinasema tu “ndege yaanguka kwenye manowari”. Ndiyo maana ajali ya ndege ya jeti ya F9F Panther iliyotokea kwenye manowari ya kubebea ndege ya USS Midway mwaka 1951, ambayo rubani wake George Duncan alinusurika, imeonekana mahali pengi isipohusika, zikiwemo simulizi za vita vilivyokwisha kabla ndege ile haijaundwa.

Upande wa pili ni mapato. Kila kaya inayolipia kebo humpa mwenye chaneli kiasi kidogo kila mwezi, iwe inaiangalia chaneli hiyo au haiiangalii, na juu yake yapo mapato ya matangazo. Watangazaji wanawataka zaidi watazamaji wa umri wa miaka 25 hadi 54, ilhali wapenzi wa historia ya vita wengi wao wamevuka umri huo. Mwaka 2007 vikaja vipindi vya madereva wa malori kwenye barabara za barafu, na mwaka 2009 kikaja Pawn Stars, kipindi cha duka la rehani la Las Vegas, kikavuta mamilioni ya watazamaji kwa gharama ambayo isingetosha kwa msafara mmoja wa wapiga picha kwenda kuwahoji wazee wa vita katika nchi tatu. Baada ya hapo, kila wazo la historia tulilolipeleka liliulizwa swali moja: nani atakuwa mhusika mkuu tutakayemfuata kila wiki? Vita vya Midway, mapambano ya majini ya mwaka 1942 kati ya Marekani na Japani, havina mhusika wa kumfuata kila wiki.

Sisemi haya ili kuwatetea. Mhariri mwenye aibu anaweza kuandika kwenye skrini maneno mawili tu, “picha ya baadaye”, na hayagharimu chochote. Niliwahi kuyaweka, na nikaamriwa niyaondoe kwa madai kwamba yanamtoa mtazamaji kwenye hadithi.

Msomaji wa Nyaraka

Naomba kutofautiana kidogo na wachangiaji waliotangulia, kwa sababu kuna hatari ya kuvitukuza vipindi vya zamani kupita kiasi. The World at War, mfululizo wa kampuni ya Uingereza ya Thames Television wenye vipindi 26 uliorushwa kuanzia Oktoba 1973, kwangu ndio kilele cha kazi hii. Uliwahoji Albert Speer, waziri wa silaha wa Hitler, Karl Dönitz, mkuu wa jeshi la majini la Ujerumani, na Curtis LeMay, jenerali wa anga wa Marekani, na pia watu wa kawaida ambao hakuna aliyekuwa amewauliza kitu. Hata hivyo siri ya kuvunjwa kwa Enigma, mashine ya Wajerumani ya kuficha mawasiliano yao, ilikuja kuwekwa wazi mwaka 1974, mfululizo ukiwa umekwishatengenezwa, kwa hiyo vita vya nyambizi vya Atlantiki vinasimuliwa humo bila sababu mojawapo kubwa ya matokeo yake. Vilevile hifadhi za Kisovieti zilikuwa zimefungwa, na simulizi nyingi za enzi zile kuhusu mapambano ya mashariki ziliegemea mno maneno ya majenerali wa Kijerumani waliokuwa wakijisafisha.

Wala teknolojia mpya si adui. Mfululizo wa Dogfights kuhusu mapigano ya angani, uliorushwa kati ya 2006 na 2008, ulitumia michoro ya kompyuta kwa kazi ambayo hakuna kamera iliyoweza kuifanya. Robin Olds, rubani wa Marekani katika vita vya Vietnam, mwenyewe alieleza jinsi ndege zake za kivita za F-4 zilivyojifanya F-105, ndege za kushambulia kwa mabomu, katika Operesheni Bolo ya tarehe 2 Januari 1967, na mchoro ukaonyesha kila ndege ilipokuwa wakati MiG-21 za Vietnam Kaskazini zilipochomoza mawinguni. Olds alifariki mwezi Juni 2007. Mahojiano yale yaliwahi, na mchoro uliyatumikia maneno ya shahidi. Tukishawahukumu watayarishaji, basi tuwahukumu kwa jinsi wanavyoutendea ushahidi, wala tusiangalie umri wa kipindi.

Mpenzi wa Safari za Anga

Kama kipimo ni ushahidi, basi siwezi kuacha kumtaja Amelia Earhart, rubani mashuhuri wa Marekani aliyetoweka akijaribu kuizunguka dunia kwa ndege. Mwezi Julai 2017 chaneli ya History ilirusha kipindi kilichodai kwamba picha moja ya gatini katika Visiwa vya Marshall inamwonyesha yeye na mwelekezi wake wa njia Fred Noonan wakiwa hai baada ya kutoweka tarehe 2 Julai 1937. Siku chache tu baadaye mwanablogu wa Kijapani, Kota Yamano, akaipata picha ileile kwenye kitabu cha safari cha Kijapani kilichochapishwa mwaka 1935, kikiwa kimewekwa wazi kwenye maktaba ya taifa ya Japani. Picha ilikuwa imechapishwa miaka miwili kabla ya safari yenyewe. Utafutaji uliomchukua Yamano takriban nusu saa ndio uliokosekana katika kipindi cha saa mbili.

Kwa haki niseme pia kwamba mfululizo wa Mayday kuhusu ajali za ndege, unaotengenezwa Kanada tangu 2003, bado unazijenga simulizi zake juu ya ripoti za uchunguzi wa ajali, na humwonyesha mchunguzi akipima mabaki na kueleza alichokosea mwanzoni. Anayesema kwamba watazamaji hawana subira na mambo ya kitaalamu auangalie mfululizo huo umedumu muda gani.

Mleta mada

Nawashukuru wote, na msomaji wa nyaraka nakubaliana naye kabisa. Ndugu mhariri, nina swali: je, sisi tusio na ujuzi wa injini tutajuaje mapema kwamba kipindi kimefanyiwa utafiti?

Mhariri wa Picha

Ndugu mleta mada, angalia orodha ya majina mwishoni. Kazi iliyofanywa vizuri hutaja watafiti wa picha kwa majina, hutaja hifadhi zaidi ya moja, na mara nyingi huwa na mshauri wa kihistoria ambaye unaweza kutafuta alichoandika. Ukiona hifadhi moja tu au mkusanyiko wa picha wa kibiashara peke yake, zichukue picha zote kuwa mapambo hadi zithibitishwe. Tatizo ni kwamba chaneli nyingi siku hizi huibana orodha hiyo pembeni ya skrini ili kutangaza kipindi kinachofuata, kwa hiyo itabidi usimamishe picha ndipo uisome.